Mbwa Ajikunaye Si Mbwa wa Kutupwa



Mbwa wa kibanjani hulala nje na hula makombo, lakini usiku mwizi wa ndizi au wa kahawa humwogopa yeye kabla ya mwenye mji. Manyoya yake yanaponyonyoka na ngozi kutoa magamba, huduma anayopewa mara nyingi ni moja tu: kupakwa oili chafu ya pikipiki.

Oili hiyo haiponyi. Huchoma palipo na vidonda, na mbwa anapojilamba huimeza. Viuatilifu vya kahawa na nyanya ni vibaya zaidi, kwani hupenya ngozini na vinaweza kumuua. Mtoto anayemshika mbwa huyo naye huondoka na sumu viganjani.

Ukurutu mkali husababishwa na utitiri usioonekana kwa macho. Jike huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Dalili huanzia kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo. Ugonjwa huhamia kwa mbwa wengine, na watu wa nyumbani huweza kuwashwa kwa muda, ingawa utitiri wa mbwa haustawi kwa binadamu. Ipo aina nyingine ya utitiri, ionekanayo zaidi kwa watoto wa mbwa, isiyoambukiza hivyo. Kuzitofautisha ni kazi ya mtaalamu, kwa kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini.

Viroboto wana hila yao. Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayakai mwilini mwa mbwa. Huanguka vumbini na katika nyasi zilizotandikwa. Nyasi sakafuni ni desturi nzuri ya nyumba ya Kihaya, ila mbwa mwenye viroboto asilale juu yake. Kumtibu mbwa na kuyaacha malalo yake ni kutwanga maji kinuni. Matandiko yachomwe, vumbi lifagiliwe, na kazi hiyo irudiwe, kwa maana viroboto wachanga hujificha kwa wiki nyingi kabla ya kutoka.

Mbwa anayechechemea na kulamba nyayo achunguzwe tekenya, ambao wengi huwaita funza. Wadudu hao ndio wale wale wanaoingia miguuni mwa watoto.

Matibabu yaanzie kwa afisa mifugo. Dawa hupimwa kwa uzito, hivyo kipimo cha ng'ombe kisikisiwe kwa mbwa. Dawa nyingi za utitiri haziui mayai. Ndiyo sababu hurudiwa baada ya siku kadhaa, hata kama muwasho umetulia. Mbwa wote wa mji mmoja watibiwe pamoja.

Lipo kosa moja zito: mbwa mwenye ukurutu kuuawa kwa kudhaniwa ana kichaa. Kichaa hakinyonyoi manyoya. Hubadili tabia, huleta ukali usio na sababu, udenda na ugumu wa kumeza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Hata hivyo, yeyote aliyeumwa na mbwa, awe na upele au asiwe nao, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Siku mbwa anapopelekwa kuchanjwa kichaa, afisa mifugo aonyeshwe na ngozi yake pia.