Ruzuku ya Nyumba na Mtu wa Chumba Kimoja



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya fedha za ruzuku, na jinsi zinavyopangwa kwa ajili ya makazi ya watu wa kipato kidogo katika mitaa ya nje ya Dar es Salaam, hasa pande za Kinondoni na Temeke. Ruzuku ni fedha ambayo halmashauri ya mji hupewa na serikali kuu ili itende kazi iliyotajwa. Wengi hudhani jambo hili ni shauri la makarani na wahandisi peke yao. Sivyo. Kila mtu alalaye chini ya bati katika mji huu analo fungu lake ndani ya shauri hili, na afadhali alijue mapema kuliko kulijua siku mizigo yake ikiwa nje barazani.

Nani asiyeijua nyumba yetu ya Kiswahili? Mbele pana baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, nyuma uani, na huko uani jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyosalia hupangisha. Katika kila chumba pana watu wa nyumba nzima: baba, mama, watoto, pengine na mdogo wake mama aliyekuja mjini kutafuta kazi. Pazia moja hutenga kitanda na vyombo. Kodi hutakiwa mbele, aghalabu ya miezi sita kwa pamoja, na mwenye kuishi kwa ujira wa siku huikusanya kwa taabu kubwa. Huyu ndiye tunayemwita leo mtu wa chumba kimoja. Twaomba mumkumbuke mpaka mwisho wa mazungumzo yetu, maana katika hesabu za nyumba yeye husahauliwa upesi.

Tutazame kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. Mwaka 1948 watu waliohesabiwa Dar es Salaam walikuwa karibu 69,000. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728. Hakuna hazina iwezayo kumjengea kila mtu nyumba katika mji unaokua hivyo. Basi halmashauri ikipata fungu la fedha haina budi kuchagua mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kujenga nyumba kamili, nazo zitakuwa za wachache. Ya pili ni kupima viwanja, kuchimba mitaro, kuleta maji na kufungua barabara, na kuwaacha wengi wajijengee wenyewe kadiri ya uwezo wao. Mji huu umezijaribu njia zote mbili, na kila moja imetuachia fundisho.

Katika zama za ukoloni, sheria za Uingereza za mwaka 1940 na 1945 zilitenga fedha za maendeleo na ustawi wa makoloni. Ile ya 1945 peke yake ilitaja pauni milioni 120 kwa muda wa miaka kumi, kwa nchi zote zilizokuwa chini ya utawala ule. Nyumba za serikali, tulizozoea kuziita kota, zilijengwa Ilala, Magomeni na Temeke. Zilikuwa nyumba imara, zenye kuta za saruji na zilizopangwa kwa mstari. Lakini zilikuwa chache mno, na kodi yake, ingawa ilipunguzwa kwa msaada wa serikali, ilikuwa nzito kwa kibarua wa bandarini. Wengi waliobahatika kuingia humo walikuwa watu wa mshahara wa mwezi. Kibarua akabaki katika chumba chake cha udongo na makuti.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nia ilikuwa njema: kuondoa vibanda vibovu na kuweka nyumba za saruji mahali pale pale. Lakini hesabu ya jambo hilo ni rahisi hata kwa mtoto wa shule. Ukibomoa nyumba moja na kujenga nyumba moja, umetumia fedha nyingi na mji haukuongezewa nyumba hata moja. Na aliyekuwa mpangaji katika kile kibanda, yeye hakuwa na ukuta wa kulipwa fidia. Alifunga mizigo yake akaenda kutafuta chumba kingine. Miaka kumi haikutimia kabla serikali haijaona kwamba njia hiyo haifiki mbali.

Ndipo, tangu mwaka 1972, shauri likageuzwa. Serikali ilikubali kwamba makazi yaliyojengwa pasipo ramani yatengenezwe badala ya kubomolewa, na kwamba watu wapewe viwanja vyenye huduma. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, kazi ilianza mwaka 1974. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vipya. Manzese, iliyokuwa imejaa watu tayari, ilitiwa barabara, maji na mitaro, na watu wakaachwa majumbani mwao. Fedha ileile ambayo ingejenga safu chache za kota sasa iligusa maelfu ya watu.

Lakini nendeni leo Sinza au Kijitonyama, mkatazame ni nani aliyejenga. Mtaona maghorofa, maduka makubwa na nyumba zenye kuta ndefu na malango ya chuma. Viwanja vilivyokusudiwa watu wa kipato kidogo viliangukia kwa sehemu kubwa mikononi mwa wenye nafasi. Wala si lazima pawe na mwizi ili jambo hilo litokee. Mwenye kiwanja alitakiwa ajenge kwa vifaa vya kudumu na kwa muda uliowekwa. Na aliyetaka mkopo katika Benki ya Nyumba alitakiwa aonyeshe kipato ambacho muuza samaki hawezi kukionyesha kwa karatasi. Mtu aliyeshindwa kujenga aliona heri auze. Manzese, ambako hapakuwa na masharti ya namna hiyo, mtu wa kawaida alibaki. Hapa twapata fundisho la kwanza: sharti lililoandikwa na mtu mwema asiyemjua maskini laweza kumwondoa maskini sawasawa na tingatinga.

Tusogee mbele kidogo. Katika miaka ya 1990 wenyeji wa Hanna Nassif, Kinondoni, waliosumbuliwa na mafuriko kila masika, walichimba mitaro na kutengeneza njia kwa mikono yao wenyewe na kwa ujira, wakisaidiwa na wafadhili na wataalamu. Kati ya mwaka 2005 na 2012 mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke ilitengenezwa kwa mpango wa miundombinu ambao wakazi wenyewe walishiriki kuchagua nini kitangulie: barabara, mtaro, taa au bomba la maji. Kisha mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kwa ajili ya kuendeleza jiji. Mkopo huo si ruzuku kwa taifa, maana taifa litaulipa; lakini kwa halmashauri hufika kama fungu lenye kazi iliyotajwa. Mwenye kuijua Tandale ya zamani wakati wa mvua, jinsi maji machafu yalivyoingia mpaka chini ya kitanda, hatadharau faida ya mtaro.

Hata hivyo, turudi kwa mtu wetu wa chumba kimoja. Tuseme mtaro umepita mbele ya nyumba anayokaa huko Tandika. Barabara imewekwa lami, na taa imesimama penye kona. Mtaa umekuwa mzuri, na watu wa mbali waanza kuutamani. Mwenye nyumba, mama mjane aishiye kwa kodi ya vyumba vinne, apandisha kodi. Hatumlaumu; bei ya unga imempandia yeye pia. Lakini mpangaji asiyeweza kulipa ahamia mbali zaidi, Chamazi au kupita Mbagala, kwenye bonde lisilo na mtaro, na kila siku atoa nauli zaidi kuja mjini. Yale maji aliyodhani ameyakimbia anayakuta huko yakimngoja. Fedha ya umma imetengeneza mtaa, na mtu aliyekuwa na shida ameondoka na shida yake.

Sasa twataka mpime jambo hili na habari ya kota za Magomeni. Nyumba zile za zamani zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kaya 644 zikatawanyika huku na huku zikingoja. Zilingoja karibu miaka kumi. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba nyumba mpya zitajengwa kwa ajili yao, na mwezi Machi mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua: nyumba 644, kwa zaidi ya shilingi bilioni 50. Ukigawanya, kila nyumba imechukua karibu shilingi milioni 80. Hatuwezi kuwafanyia watu wote wa Dar es Salaam hivyo, maana fungu kubwa namna hiyo halikutosha hata kaya 700. Lakini tazameni jambo moja. Watu hao walirudi kwa sababu hesabu yao ilijulikana. Hawakuwa “wananchi wa kipato kidogo” kwa jumla. Walikuwa kaya 644 zenye majina. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na mtu pasipo daftari hupotea vivyo hivyo.

Nchi nyingine zimelijua neno hili. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1974, serikali yao kuu huipa miji ruzuku ya maendeleo ya mitaa, na mji hauna budi kutangaza mpango wake na kuwasikiliza wenyeji kabla ya kutumia fedha. Sheria yao yataka mafungu 70 katika kila 100 ya fedha hiyo yawafae watu wa kipato cha chini na cha kati. Hatusemi kwamba kwao hakuna malalamiko. Kodi za nyumba zimewaelemea watu wengi katika miji yao pia. Twasema tu kwamba swali “Ni nani aliyekusudiwa?” hujibiwa kwa maandishi kabla ya kuchimba msingi.

Kwetu sisi mlango uko wazi, ijapokuwa wengi hawaujui. Mahitaji hutajwa kwanza katika mkutano wa mtaa. Hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwa madiwani katika halmashauri, kisha serikali kuu, na mwisho Bungeni. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo neno lisilosemwa mtaani miezi mingi kabla ya hapo haliwezi kuonekana katika makisio. Na ni nani huenda mkutanoni? Mara nyingi ni wenye nyumba. Mpangaji husema, “Mimi mpita njia, nitasema nini?” Hilo ni kosa kubwa. Mkutano ule ni wa wakazi, wala si wa wenye hati na leseni peke yao. Mtu aliyekaa Keko miaka kumi na miwili katika vyumba vitatu mbalimbali si mpita njia.

Basi twawashauri mwende, mwenye nyumba na mpangaji, na kila fungu la fedha litakapotajwa mwulize maswali matatu kwa adabu na bila woga. La kwanza: fedha hii itafikia kaya ngapi, na kila kaya itapata nini? La pili: waliomo katika daftari ni akina nani, na je, wapangaji wameandikwa, ili mtu akiondolewa kupisha barabara asaidiwe hata kama ukuta si wake? La tatu: kazi ikiisha, kodi itakuwaje? Hili la tatu halina jibu jepesi. Lakini mtaa waweza kupatana kwamba mwenye nyumba aliyeletewa mtaro na lami kwa fedha ya umma asipandishe kodi kwa muda uliokubaliwa. Na mjane wetu afikiriwe kwa njia nyingine, kama vile kusaidiwa kutengeneza choo au kuongeza chumba. Mapatano ya namna hiyo yakiandikwa na kusomwa mbele ya watu wote, ni vigumu kuyakana.

Fedha za ruzuku zitakuja tena, kwa jina hili au jina lile. Daima zitakuwa chache kuliko haja. Hatuwezi kuzifanya nyingi, lakini twaweza kuamua, kabla ya tofali la kwanza, jina la nani limeandikwa katika daftari. Mwenzetu wa chumba kimoja asipoandikwa siku ile, hataonekana tena mpaka mvua za masika zitakapotuletea habari zake.