Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Leo nataka tuzungumze habari ya mtoto aliyeachishwa ziwa, na chakula tumpacho baada ya hapo. Najua wengine watasema, "Mambo hayo ni ya wanawake." Sivyo. Mwenye kuyauza maharagwe na mayai ya nyumbani mara nyingi ni baba. Basi na yeye asikilize.

Katika vijiji vingi hutokea jambo hili. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni mchangamfu, ananyonya na kucheza. Mama akachukua mimba nyingine, na mtoto akaachishwa ziwa ghafula. Tangu siku hiyo chakula chake ni uji mtupu asubuhi, na ugali na mchuzi kidogo jioni. Baada ya miezi michache miguu yake yavimba. Ukibonyeza kwa kidole, hubaki shimo. Nywele hupoteza weusi wake, ngozi huchunika, na mashavu hujaa hata mgeni humsifu kuwa ni mnene. Lakini hachezi wala hacheki, na chakula hakitaki. Watu hunong'ona, "Mtoto huyu amebemendwa." Lawama huwaangukia wazazi, na kwa aibu mtoto hufichwa ndani.

Sasa sikilizeni habari ya nchi nyingine. Mwaka 1929 daktari mwanamke, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikwenda kufanya kazi Gold Coast, nchi ya Afrika ya Magharibi ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Akaona watoto wengi wenye maradhi hayo, hasa wale waliolishwa uji wa mahindi. Mwaka 1933 aliandika habari zao katika jarida la madaktari. Baadhi ya wenzake walibisha, wakasema ni pelagra, ugonjwa uliojulikana tangu zamani. Yeye hakukubali. Mwaka 1935 akaandika tena, akautaja ugonjwa kwa jina walilouita Waga wa Accra: kwashiorkor, yaani ugonjwa ampatao mtoto azaliwapo mdogo wake.

Tazameni basi: wazee wa Accra na wazee wetu waliona jambo moja, ya kuwa maradhi hufuata mimba ya pili. Macho yao hayakukosea. Kosa ni la wenye kulaumu. Si mwenendo wa wazazi umdhuruo mtoto. Ni kwamba ameondolewa maziwa, wala hakupewa kitu cha kushika mahali pake.

Yafaa tujue chakula chafanya kazi gani mwilini. Mwili wa mtoto ni nyumba ingali inajengwa, na humo ndani moto hauzimwi. Ugali, muhogo, viazi na ndizi ndizo kuni. Gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4. Gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Vifaa vya kujengea ni protini. Protini ikifika tumboni na katika utumbo mwembamba huvunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Hivyo huingia katika damu, na mwili huviunga upya kuwa nyama, ngozi, nywele na damu. Aina zake ni 20, na katika hizo 9 mwili hauwezi kuzitengeneza. Sharti zitoke katika chakula.

Fikirini fundi ajengaye nyumba ya udongo. Ana miti na fito tele, lakini kamba ni chache. Kamba ziishapo, kazi husimama, na fito zilizosalia hutiwa motoni. Ndivyo ulivyo mwili. Mahindi yana upungufu wa asidi amino mbili, lisini na triptofani. Kwa hiyo uji mtupu hauwezi kumjenga mtoto ipasavyo. Maharagwe, kunde, mbaazi na choroko zina lisini nyingi, ila zina methionini kidogo. Na hiyo mahindi yanayo. Kila kimoja humfunikia mwenzake upungufu. Aliyetangulia kupika makande alipata hekima hiyo bila kitabu.

Tena, mtu akikosa kuni atachoma hata miti ya nyumba yake. Mtoto asiyeshiba huchoma protini ile ile iliyokuwa ya kumjenga. Kwa hiyo sharti apate vyote viwili. Na wataalamu wa siku hizi wameona ya kuwa upungufu wa protini si sababu pekee: surua, kuhara, na upungufu wa vitamini na madini vyote humwangusha mtoto.

Basi tufanyeje? Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo aanze chakula, lakini aendelee kunyonya hata miaka 2 au zaidi. Mimba haiharibu maziwa. Mama mwenye afya aweza kunyonyesha, ila naye ale vizuri. Uji wa mtoto utiwe karanga zilizopondwa, au maziwa, au dagaa waliosagwa, na mafuta kidogo. Tumbo lake ni dogo. Alishwe mara nyingi kwa siku, wala asingoje chakula cha wakubwa. Tena awe na sahani yake mwenyewe, kwani katika sinia moja mikono ya kaka zake ni myepesi kuliko wake. Na ewe baba, kabla ya kuyapeleka mayai sokoni, bakiza moja nyumbani.

Miguu ikiisha kuvimba, msijaribu kumshindilia chakula. Mpelekeni hospitali siku ile ile, kwa maana mtoto wa namna hiyo hulishwa kidogo kidogo kwa kipimo, na pengine huhitaji dawa. Hali yake ikitengemaa, mara nyingi hupewa chakula laini cha karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, kilichotiwa vitamini na madini. Wengi waliokuwa karibu na kufa wamepona.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Msimfiche mtoto kwa kuogopa maneno ya jirani. Jirani naye aache kunong'ona, alete bakuli la kunde. Kwaherini.