SOMO LA REDIO: BIMA YA MASHUA NDOGO

Leo tutazungumza juu ya bima ya mashua ndogo, yaani mashua ya kutembelea baharini au ziwani kwa kujifurahisha. Shikeni kalamu.

Bima ni nini? Ni mapatano. Mwenye mashua hulipa ada, na kampuni ya bima huahidi kumlipa akipatwa na hasara. Mapatano hayo huandikwa katika hati. Biashara hii ilikua sana mjini London, katika mkahawa wa Edward Lloyd, tangu miaka ya 1680. Mwaka 1906 Uingereza ikatunga sheria ya bima ya baharini.

Katika hati tafuteni mambo matatu.

La kwanza ni sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe. Tuseme mashua imegonga mwamba, na gharama ya kuitengeneza ni shilingi 900,000. Hati yasema shilingi 200,000 za kwanza ni juu yako. Basi kampuni italipa shilingi 700,000.

La pili ni hasara zisizolipwa. Mbao zikioza kwa uzee, au tanga likichakaa kwa jua, hakuna malipo, maana hiyo si ajali. Tena, ukijua kwamba mashua inavuja, nawe ukaishusha majini hivyo hivyo, ikazama kwa sababu hiyo, usitegemee kitu.

La tatu ni matumizi. Hapa wengi hukwama. Tuseme bwana mmoja amekata bima ya kujifurahisha tu. Jumapili wageni wanamwomba awavushe kisiwani, naye anapokea nauli. Wakati wa kurudi mashua inapinduka na kuvunjika. Mgeni mmoja avunjika mkono. Kampuni inafungua hati: "Mashua hii isichukue abiria wa kulipa." Bwana huyo hana mashua, hana fidia, na gharama za mgeni zaweza kumwangukia yeye. Nauli ya siku moja imekula mali ya miaka mingi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, soma hati yote, hata maandishi madogo. Neno usilolielewa, uliza. Wala usiseme, "Jirani yangu alilipwa." Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Bima ni nini?
2. Hasara ikiwa shilingi 500,000, na 200,000 za kwanza ni zako, kampuni italipa ngapi?
3. Bwana yule angefanya nini kabla ya kupokea nauli?

Kwaherini, hadi somo lijalo.