Dereva wa Lori ni Nguzo ya Usalama

Mwezi Januari 2022 malori ya mizigo yalisimama Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na msururu wake ukarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya ardhi ya Kenya. Hapakuwa na daraja lililovunjika wala adui aliyeifunga njia. Madereva walikataa kulipa ada ya dola 30 za Marekani ambayo Uganda iliiweka kwa ajili ya kupima ugonjwa wa UVIKO-19. Petroli iliadimika upesi nchini Uganda na bei yake ikapanda. Hatimaye madereva waliondolewa ada hiyo, na malori yakaanza kusogea.

Tukio hilo lina fundisho kwa kila aliyekabidhiwa ulinzi wa nchi na raia wake. Nchi isiyo na bahari huishi kwa barabara, na barabara huishi kwa jasho la dereva. Mwanajeshi anajua vema kwamba kikosi kisichofikiwa na chakula, mafuta na risasi hakina nguvu, hata kingekuwa na mashujaa wa namna gani. Ndivyo ilivyo kwa taifa zima.

Serikali yoyote ina haki na wajibu wa kukinga afya ya watu wake. Mwaka 2020, maradhi yalipoenea, upimaji wa mpakani ulikuwa jambo la lazima. Lakini madereva walinyoshewa vidole kama waleta maradhi, wakakaa foleni siku kadhaa, ilhali nchi zote zilikuwa zikila na kutibiwa kwa bidhaa walizozibeba. Ada ya mwaka 2022 ilipokuja juu ya taabu hiyo, mzigo uliokuwa wa wote ulitwishwa aliye mnyonge kuliko wote.

Unyonge huo unatokana na namna anavyolipwa. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Madereva wengi wa masafa marefu hutegemea posho ya safari, na posho hiyo hukadiriwa kwa safari, si kwa siku. Lori likikwama mpakani siku tano, dereva na utingo wake wanaendelea kula, kuoga na kulinda mzigo kwa fedha zile zile. Mwenye lori akidai safari nyingi kwa mwezi, siku zilizopotea hufidiwa kwa usingizi. Dereva hukesha kwenye usukani, na ajali inapotokea, askari wa usalama barabarani ndiye huitwa kuokota maiti.

Dunia imekwisha kulitambua jambo hili. Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979, unaeleza kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku au saa 48 kwa juma. Unataka pia apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Kanuni hizo ni njema, lakini hazitafuatwa na mtu ambaye kupumzika kwake kunamaanisha watoto wake kulala na njaa. Kwa hiyo mkataba wa kazi ulioandikwa, mshahara unaojulikana na malipo ya siku za kungoja ni sehemu ya usalama barabarani, sawa na breki na taa.

Mwenye mali ana wajibu wake, na mwenye sare ana wake. Fedha yoyote inayodaiwa kizuizini pasipo stakabadhi hutoka katika posho ile ile ndogo. Tena, kizuizi kinachopokea hongo hakichagui. Leo hupitisha lori la unga lenye haraka, kesho hupitisha silaha za magendo zilizofichwa chini ya magunia. Askari mwaminifu hukagua upesi, huandika anachokitoza, na dereva aliyelemewa na usingizi humwamuru alale.

Dereva anayeheshimiwa huwa macho ya dola njiani, kwani yeye huona mengi ambayo doria haiyaoni. Anayenyang'anywa hujifunza kunyamaza. Ulinzi wa mpaka basi hauanzi na bunduki pekee. Huanza pia na ujira wa haki kwa yule anayeuvuka mpaka huo usiku na mchana ili wengine wapate mkate.