Jike Anayetupwa: Uzalishaji na Upimaji wa Mbwa wa Kusaka Nguruwe Pori Kipatimu



1. Maana za maneno

Mada niliyopangiwa ni uzalishaji na upimaji wa mbwa wa kazi nyingi. Maana zake zinafahamika, kwa hiyo nitazipitia upesi. Mbwa wa kazi nyingi ni yule anayenusa, anayefuata nyayo, anayemzingira mnyama na kubweka hadi watu wafike, na anayerudi akiitwa. Uzalishaji ni kuamua nani apandwe na nani. Upimaji ni kumtazama mbwa akiwa kazini kwa vigezo vilevile vinavyotumika kwa wenzake wote.

Jambo moja naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali, na kuwa na mbwa hodari hakumpi mtu kibali hicho. Ninachozungumzia ni mbwa wa kulinda shamba, na wa kusaka nguruwe mharibifu pale ambapo afisa wanyamapori ameruhusu. Anayetaka mbwa wa kwenda naye hifadhini usiku, mada hii haimhusu.

2. Kwa nini tunawahitaji

Hapa Kipatimu, Umatumbini, sina haja ya kumweleza mtu nguruwe pori ni nani. Kundi moja likiingia kwenye muhogo au mahindi usiku, kufika alfajiri familia imepoteza chakula cha miezi. Ndiyo maana watu wanalala kwenye madungu. Nao kulala dunguni kuna gharama isiyoandikwa kwenye taarifa za kilimo. Mwaka 2005 watafiti walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba Tanzania tangu mwaka 1990: waliouawa ni zaidi ya 560, waliojeruhiwa zaidi ya 300, na mikoa yetu ya kusini-mashariki iliumia kuliko mingine. Mashambulizi yaliongezeka majira ya mavuno, watu wanapolala shambani kuzuia nguruwe, na nguruwe mwenyewe ni windo linalomvuta simba hadi mashambani. Wenzetu wa Rufiji wanaikumbuka miaka ya 2002 hadi 2004 kwa mashambulizi hayo.

Kwa hiyo mbwa anayemgundua nguruwe mapema, akambana na kumtoa shambani, hafanyi kazi ya mchezo. Anapunguza usiku ambao baba, mama na watoto wanalala nje.

Wapo wanaosema tuagize mbwa wakubwa wa Kizungu. Mapori ya wilaya yetu ya Kilwa yana mbung'o, na mbwa hupata nagana vibaya sana: homa, kukonda, uso kuvimba, jicho kufunga ukungu mweupe, kisha kifo. Kupe nao wana magonjwa yao. Mbwa wetu mdogo, mwembamba, mwenye manyoya mafupi, ametoka katika vizazi vilivyochujwa na magonjwa haya. Msingi wa kazi tunao tayari, unatembea hapo nje ya ukumbi.

3. Wenzetu wanapimaje

Ujerumani ina chama kikuu cha mbwa wa uwindaji tangu mwaka 1899. Utaratibu wao ni kumpima mbwa kijana majira ya kuchipua kwa vipaji vya kuzaliwa, kumpima tena majira ya kupukutika majani, na mwisho kumpa mtihani mkubwa wa kazi zote, nchi kavu na majini. Amerika Kaskazini chama cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1969, na mtihani wake wa kwanza ni wa mbwa asiyezidi miezi 16: pua, utafutaji, kufuata nyayo, maji, hamu ya kazi, ushirikiano na mwenye mbwa.

Watu wengi wanaona vyeti na vikombe, wanadhani hilo ndilo lengo. Mtihani wa mbwa kijana unafanyika ili kuwajua wazazi wake. Sifa za kuwinda hurithiwa kwa kiasi kidogo au cha wastani tu, sehemu kubwa inayobaki ni malezi, afya na bahati ya siku hiyo. Mbwa mmoja aliyefanya vizuri siku moja hakuambii mengi. Ndugu sita wa tumbo moja wakipimwa, na wanne wakafuata nyayo bila kufundishwa, hapo umejifunza jambo kuhusu mama yao.

Funzo la pili liko karibu zaidi. Basenji, mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, asiyebweka kama mbwa wengine na anayefungwa kengele ya mti shingoni ili ajulikane alipo, alipelekwa Uingereza na Marekani miaka ya 1930 na 1940. Vizazi vyote vya huko vilitoka kwa mbwa wachache. Baadaye ugonjwa wa figo wa kurithi ukasambaa kati yao, hadi wafugaji walipofunga safari ya kurudi Kongo mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya, na chama cha Marekani kikafungua daftari la ukoo mwaka 1990 kuwapokea. Kwa hiyo ninapohimiza kuchagua, sisemi kijiji kizima kitegemee dume mmoja anayesifiwa.

4. Tatizo lenyewe

Nimelisema hili katika vikao vingi, na nitalisema leo kwa urefu hata kama ratiba inanibana. Tunatupa watoto wa kike.

Mbwa akizaa, siku ya pili au ya tatu mwenye nyumba anawageuza watoto mmoja mmoja. Madume wanabaki. Majike wanapelekwa vichakani, au wanaachwa tu bila kunyonyeshwa. Akibakizwa mmoja, ni kwa sababu mtoto wa nyumba amelia. Tembea kijiji chochote cha tarafa hii uhesabu: madume ni wengi kuliko majike, ingawa wanapozaliwa hukaribia kulingana.

Sababu zinazotolewa ninazijua na sizibezi. Jike akiwa kwenye joto, kwa muda wa wiki tatu hivi, madume ya kijiji kizima yanakesha uani. Yanapigana, yanakanyaga miche, yanaweza kumng'ata mtoto. Baada ya siku 63 za mimba kuna vinywa vitano au sita vya kulisha, na miezi michache baadaye joto linarudi tena. Halafu kuna imani kwamba dume ndiye jasiri, jike ni wa kuzaa tu. Imani hii ya mwisho ndiyo ninayoipinga bila kusitasita. Katika misako ya nguruwe ambayo askari wa vijiji wameniruhusu kufuatana nao, mbwa anayetulia kwenye nyayo bila kurukia kila sungura mara nyingi ni jike, na dume aliyekimbilia kuuma kabla ya wenzake ndiye tunayemshona tumbo.

Sasa tazameni matokeo. Majike wakiwa wachache, kila mmoja anagombewa na madume wengi. Anayempanda ni yule aliyeshinda ugomvi wa usiku ule, au wawili watatu kwa zamu, kwani tumbo moja la mbwa linaweza kubeba watoto wa baba tofauti. Kwa hiyo kijana anayekuja kuomba mtoto wa mbwa na kuuliza "baba yake yupi?" anauliza swali lisilo na jibu. Upande pekee wa ukoo tunaoweza kuuandika bila kubahatisha ni wa mama, nao ndio tunaoutupa vichakani. Jike hodari akifa bila kuacha binti, hakuna wa kumrithi tunayeweza kumthibitisha, hata kama wanawe wa kiume wamejaa kijijini.

Jike huyo huyo ndiye mwalimu wa kwanza. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa anajifunza nani wa kuogopa, nani wa kuheshimu, kuku ni kitu gani, mbuzi ni kitu gani. Sisi tunamwondoa kwa mama akiwa na wiki nne au tano, kisha tunalalamika kwamba akikua anaua kuku wa jirani.

Lipo pia la kichaa cha mbwa. Madume wengi wanaozurura kufuata joto la jike mmoja hupigana, na virusi husafiri kwa mate yanayoingia jerahani. Mikoa ya kusini-mashariki, pamoja na Pemba, iliingizwa kuanzia mwaka 2010 katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa chini ya Shirika la Afya Duniani, wilaya 28 kwa jumla. Tulijifunza kwamba chanjo ikifikia asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa hukatika. Lakini kampeni ikiondoka asilimia hiyo inashuka haraka, kwa kuwa mbwa wetu wanaishi muda mfupi na watoto wapya hawana kinga.

Na hili ninalisema kwa heshima, bila kumtaja mtu. Kila mpango wa kuhasi unapoletwa vijijini, anayeleta mbwa wake ni mfugaji makini, mwenye mbwa mtulivu anayekubali kufungwa kamba. Mbwa koko asiye na mwenyewe haletwi na yeyote. Matokeo yake tunawahasi mbwa tuliotakiwa kuwazalisha, na wanaobaki kuzaa ni wale ambao mtu hawezi kuwashika. Hii ni kama mkulima anayekula mbegu na kupanda makapi. Nimeandika haya kwenye taarifa zaidi ya moja. Majibu yamekuwa kwamba idadi ya waliohasiwa imefikia lengo.

Kuhusu dini, wazee wa hapa wanajua kuliko mimi. Katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Fikihi hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Sura ya Al-Maida imezungumzia windo la mnyama aliyefundishwa. Hakuna mahali dume amependelewa kuliko jike. Kutupa watoto wa kike ni mazoea, hatuwezi kuyasingizia dini.

5. Mtihani unaofaa Kipatimu

Hatuhitaji kuua mnyama ili kupima mbwa. Alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, mbwa mwenye miezi 8 hadi 14 apelekwe kwenye shamba lililoingiliwa usiku, aachiwe kwenye nyayo mbichi, na watu wawili wasio wenye mbwa waandike. Anafuata hadi wapi kabla ya kuinua kichwa? Akipoteza harufu, anarudi kuitafuta au anakimbia ovyo? Akiitwa anakuja? Akirudi apitishwe karibu na mbuzi na kuku. Ujasiri wa kubweka kwa mbali bila kuuma utazamwe pale tu ambapo msako umeruhusiwa na askari wapo. Nguruwe dume akibanwa ana meno yanayopasua mbwa, na mbwa anayejua kukaa mbali ndiye atakayeishi azae.

Wapimwe ndugu wa tumbo moja kwa pamoja, wa kike na wa kiume.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari la mbwa wa kazi kwa afisa mtendaji, na ukoo uandikwe kwa jina la mama.

Pili, katika kila mzao wa jike aliyefaulu mtihani, wabakizwe angalau majike wawili, na mwenye mbwa ajulishwe mapema nani atawachukua.

Tatu, jike kwenye joto afungiwe ndani kwa wiki tatu. Nyumba nyingi hazina mahali, kwa hiyo vikundi vya wakulima vijenge banda moja la pamoja lenye mlango wa kufunga. Miti ipo.

Nne, mpango wowote wa kuhasi utakaokuja uanze kwa kusoma daftari. Aliyefaulu asihasiwe kabla hajaacha wazao, na nguvu ielekezwe kwa madume yanayozurura.

Tano, chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe kila mwaka, siyo kusubiri mtu ang'atwe, na watoto wa mbwa waliofikisha miezi 3 wasiachwe.

Sita, mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8.

Saba, majike wasitupwe. Nimelirudia kwa makusudi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 ipo, lakini sipendekezi kuanza na faini. Tuanze na wenye mbwa waliokuja leo.

Nane, dume mmoja asipande zaidi ya majike watatu katika kijiji kimoja kwa mwaka, na vijiji vibadilishane madume. Tusiingie lilikoingia kundi la basenji ng'ambo.

Tisa, mwenye mbwa mwenye jicho la ukungu au anayekonda ghafla atoe taarifa siku hiyo hiyo. Dawa za nagana za ng'ombe zinaweza kumuua mbwa zikikosewa kipimo, kwa hiyo asichomwe sindano na mtu asiye mtaalamu.

Kumi, halmashauri itenge fedha za madaftari, chanjo na nauli ya wapimaji katika bajeti ijayo. Kama fedha zitatosha jambo moja tu, naomba liwe la pili: wagharamiwe chakula wale majike wawili hadi wafike wiki 8, kwa kuwa ni katika wiki hizo wanapotupwa.