Ndugu wa Jina Moja na Uzito Mbalimbali

Leo twataka kusema nanyi habari za isotopu. Jina ni geni, lakini maana yake haimshindi mtu yeyote aliyepata kusimama mbele ya mzani wa pamba huku Bariadi. Magunia mawili yaweza kufanana kabisa machoni. Mzani ndio uonyeshao kuwa moja ni zito zaidi.

Elementi nazo ndivyo zilivyo. Katikati ya kila atomu mna kiini, na ndani yake mna chembe ziitwazo protoni, na kwa kawaida nyutroni pia. Hesabu ya protoni ndiyo itoayo jina la elementi. Nyutroni huongeza uzito bila kubadili jina. Basi atomu zenye protoni sawa na nyutroni mbalimbali ndizo isotopu. Jina hilo lilitangazwa na Frederick Soddy, Mwingereza, mwaka 1913.

Tutwae potasiamu, iliyomo katika majivu ya kuni na katika viazi vitamu. Kila atomu yake ina protoni 19. Nyingi zina nyutroni 20, chache zina 22. Na katika atomu 10,000 ni kama moja tu yenye 21. Hiyo moja haitulii. Hugeuka polepole mno, hata nusu yake huhitaji miaka milioni 1,250. Na sehemu yake huwa hewa iitwayo agoni.

Yatufaa nini hayo? Mashariki ya mkoa wetu wa Simiyu, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, liko bonde la Olduvai. Mwaka 1959 Bibi Mary Leakey aliona huko fuvu la kiumbe wa kale. Mumewe, Bwana Louis Leakey, alikisia umri wake kuwa miaka ipatayo 600,000. Lakini mahali pale pana matabaka ya majivu ya volkano, yenye potasiamu. Volkano ilipowaka, agoni ya zamani iliponyoka motoni. Mawe yalipokwisha kupoa, agoni mpya ilifungwa ndani yake. Bwana Evernden na Bwana Curtis wa California waliipima, na mwaka 1961 jibu likatangazwa: miaka 1,750,000, karibu mara tatu ya makisio.

Basi mtoto akiuliza, "Umri wa mfupa wajulikanaje?" tusimkemee; swali lake ni jema. Mkulima hakubali pamba yake ikisiwe kwa macho, hata na mtu mwenye elimu. Hutaka mzani. Na mawe nayo yana mzani wake.