Kinga Inapokuunguza
Vijana wa Songea, leo tuzungumzie makrofaji, chembe za kinga zinazomeza vijidudu. Ni walafi kwelikweli! Lakini kijidudu cha ukoma, ugonjwa ambao hapa Ruvuma bado tunao, kikimezwa mara nyingi hakifi. Hukaa humohumo na kuzaliana. Siku kinga ikishtuka, mabaka yanavimba, mishipa ya fahamu inauma, mkono unalegea. Yaweza kutokea katikati ya dozi ya miezi 6 au 12, hata baada ya kuimaliza. Basi mgonjwa husema, "Dawa zimenidhuru," anaziacha. Sivyo jamani! Kinga yake mwenyewe ndiyo inayounguza mishipa. Ukiona hivyo, endelea na vidonge, wahi kituo cha afya upimwe. Kuna prednisoloni ya kutuliza uvimbe, kabla vidole havijakunjika.